Miezi ya Sifuri

Saa nne na nusu asubuhi mkuu wa idara alikuwa ameshashika kalamu. Saa tano angesaini orodha ya watu wa kuondolewa kwenye posho ya dawa, na modeli ya kompyuta iliyowachagua ni yangu mimi, niliyeiandika kwa maringo yote. Inafuatilia mapato ya mtu mwezi kwa mwezi, inatenganisha bahati ya kupita na badiliko la kudumu. Aliyepanda kwa kudumu, kwaheri.

Nikapitisha jicho mara ya mwisho. Fundi cherehani, mwanamke, miaka sitini na moja, kisukari. Namba ya simu ya shangazi yangu! Huyu aliyenilea kapanda lini? Nikafungua rekodi yake: Januari kidogo, Februari kidogo, Machi mara nane ya Februari. Baada ya hapo hakuna kitu.

Nikampigia. "Shangazi, Machi ulipata wapi hela zote zile?"

"Shikamoo umeimeza?"

"Shikamoo. Nijibu, tafadhali."

"Marahaba. Nimeuza cherehani. Macho hayaioni sindano tena, mwanangu."

"Na Aprili?"

"Aprili bure. Mei bure na nusu." Akacheka.

Hesabu niliyotumia haikubali sifuri, kwa hiyo niliiamuru kompyuta ifute kila mwezi wenye sifuri. Mstari mmoja tu wa programu, niliuandika huku nakunywa chai. Modeli ikaona shangazi amepanda Machi na hajashuka tena, basi. Njaa yake yote niliifuta mwenyewe, mjinga mimi!

Nikaingia kwa mkuu bila kubisha hodi. "Usisaini."

"Kulikoni? Wizara inasubiri."

"Nimekosea. Waliokosa kipato kabisa, modeli haiwaoni. Nimewahesabu, ni mia moja na kumi na mbili kwenye orodha hiyo."

"Ulijuaje leo, dakika za mwisho?"

Nikisema ukweli, ataita upendeleo. "Mmoja ni shangazi yangu."

Akafunika kalamu taratibu, akaisukuma orodha kando. Nikashusha pumzi.

"Orodha ya mwaka jana ilitumia modeli gani?"

"Hii hii."

"Mwaka jana hukuwa na shangazi?"

Nikarudi mezani, nikafungua orodha ya mwaka jana, watu mia tano na kumi, nikapiga namba ya kwanza. Haipatikani. Nikapiga ya pili. Akapokea mtoto, akasema bibi hayupo tena.