Sakafu Iliyobonyea Mlangoni

Miezi mitatu baada ya kumzika mumewe, mwalimu mstaafu alikanyaga sakafu ya gari-nyumba lao, gari la safari lenye kitanda na jiko ndani, karibu na mlango, ikabonyea kama godoro. Hakushtuka. Tangu msiba, hakuna kilichomshtua. Alivaa viatu, akaliendesha mpaka karakana ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeitwa Gundi kwa sababu mikono yake haikuisha gundi hata siku ya harusi yake.

Gundi alipiga magoti, akagonga sakafu kwa kidole. Ko, ko, ko. Halafu, du.

"Hapa pamekufa, shemeji." Akajing'ata ulimi. "Samahani."

"Ya nini? Si pamekufa kweli?"

Gundi alikata kipande, akamwonyesha: fibaglasi juu na chini, povu gumu katikati, fremu ya mbao pembeni. Vikishikana vizuri, alisema, paneli hudumu miaka ishirini. Maji yakipenya, gundi huachia na mbao huoza. Mbao hizi zilimeguka vidoleni kama keki.

Kisha akalivuta zulia pembeni. Chini yake palikuwa na kiraka cha plaiwudi, kimefungwa kwa skrubu sita, silikoni ya kuzuia maji imepakwa ukingoni kwa uangalifu wa mtu asiye fundi.

"Hii silikoni kaka aliniomba mwaka jana," Gundi alisema. "Akasema ni ya dirisha la bafuni."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua, akakuficha. Wewe ulikuwa hulitaki hili gari."

"Nililiita kopo."

Mwalimu aliitafuta hasira kama mtu anayepapasa funguo mkobani. Hakuipata. Hata huruma hakuipata. Aliona skrubu moja imeingia upande, basi.

"Nikutafutie mnunuzi?"

"Weka sakafu mpya. Isiyo na mbao."

Kazi ilichukua siku nne. Siku ya tatu walipanga mifuko ya mchanga juu ya paneli mpya ili gundi ishike. Walipofika mfuko wa tano, Gundi aliketi chini akalia kwa kwikwi. Mwalimu alimtazama. Kumbe tangu mazishi watu wote walimpa yeye mkono wa pole, na yeye hakuwahi kumpa huyu.

"Pole, shemeji," alisema, macho makavu. "Ulikuwa naye kabla yangu."

Akauchukua mfuko mikononi mwa Gundi, akauweka kwenye kona iliyobaki.

Siku ya tano waliliendesha gari pamoja barabara ya matuta, wakisikiliza kama kuna kinacholia. Hakikulia kitu.

"Tugeuze, turudi?" Gundi aliuliza.

"Bado," alisema mwalimu, akabadilisha gia.