Siku Tisini za Kitufe Chekundu

Kampuni iliandika kwamba Mwidani, mwendesha kreni, alikufa kwa uzembe wake: kreni ilipoyumba, hakubonyeza kitufe chekundu cha kuisimamisha. Niliposikia hivyo matangani, kwao Likoni, nilisema ni uongo mtupu. Mjane wake, Mishi, akanishika mkono. Alijua mimi ndiye niliyeujenga mfumo wa kumbukumbu za mitambo pale yadi ya makontena, Changamwe. Akasema akimaliza eda atakuja nimwonyeshe ukweli, apate cha kuwaambia wanawe.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kila kreni ina programu ndogo inayonasa kila kinachotendeka na kutuma ujumbe kwenye foleni. Foleni huupeleka kwenye faharasa, na hapo ukiutafuta unaupata mara moja. Zikitimia siku tisini, ujumbe wa kawaida hufutwa, ule wa hatari huhamishiwa ghalani ukakaa miaka saba. Na kitufe chekundu ni hatari, hata mtoto anajua.

Sikuufungua mapema. Niliona si adabu nijue mimi kabla ya mkewe, naye mtu wa edani hasumbuliwi kwa mambo ya kazi. Nilijiona mwenye heshima, kumbe mpumbavu.

Baada ya miezi minne na siku kumi, Mishi akaja, amevaa buibui jipya. Nikamketisha kando yangu, nikaandika jina la kitufe cha kreni ile, iliyosimama tangu ajali. Kwenye skrini ukatokea mstari mmoja tu, tena wa mwaka jana: badiliko la kanuni ya kitufe.

Hapo nikakumbuka. Wafanyakazi walikuwa wakikigusa kitufe kile kwa viwiko, ujumbe unaijaza diski, nami nikachoshwa na kelele zake. Nikakishusha daraja, kutoka hatari hadi kawaida, nikaenda zangu kunywa chai. Ujumbe wa Mwidani, kama ulikuwepo, ulifutwa Mishi angali edani, akihesabu siku.

"Alibonyeza?" akauliza.

Nilitamani kumwambia ndiyo. Nikamwambia sijui, na kwamba hakuna atakayejua tena.

Hakulia. Alisogea karibu na skrini, akausoma ule mstari polepole. Mfumo wangu haufuti kamwe jina la aliyebadilisha kanuni. Akaweka kidole juu yake.

"Hili si jina lako, Nadira?"

Nikasema ni langu.