Spika Iliyoelekezwa Shuleni

Fundi alikuwa juu ya ngazi kwenye kiwanja cha mkutano wa amani, akifunga spika ya mwisho. Aliigeuzia ng'ambo ya barabara, kwenye shule. Huko ndiko mkewe alikokuwa akilala darasani na watoto wao wawili, tangu dini yake ilipogeuka kosa mtaani.

"Watu wako huku, hiyo inamhutubia nani?" mchungaji alimtania kutoka chini.

"Mke wangu, Mchungaji. Asikie mkitangaza watu warudi makwao."

"Ondoa shaka. Si tumekubaliana?"

Walikubaliana kweli. Fundi atoe mitambo bure. Mchungaji na shehe waseme waliokimbia warudi. Vijana wenye marungu pale barabarani walishaapa hawampishi mtu mpaka viongozi hao watamke wenyewe. Na kwa nini wasiwasikilize? Mwezi uliopita, kwa spika hizi hizi, kila mmoja siku yake ya ibada aliwaeleza waumini nchi hii ni ya nani, na nani ni mpangaji tu. Fundi aliwafungia mitambo wote wawili, akafurahia kupata kazi.

Wageni wa serikali waliketi. Ukaimbwa wimbo wa taifa, zikafuata dua na sala. Shehe na mchungaji wakainua mikono waliyoshikana, wakapigwa picha. Fundi alisogea nyuma yao.

"Shehe, lile neno."

"Si leo, fundi. Vijana bado wana hasira. Usituharibie shughuli mbele ya wageni."

"Lakini mke wangu anasubiri!"

Shehe alishamgeukia mpiga picha. Watu wakalipuka kwa makofi na vigelegele, na kelele zote zikatoka kwenye ile spika. Mkewe, aliyesimama getini pa shule tangu asubuhi, akadhani lile neno limesemwa. Akajitwika godoro, akamshika mdogo mkono. Mkubwa alitangulia mbio, anakwenda nyumbani. Vijana wakainuka na marungu yao.

Fundi alimpokonya shehe maiki.

"Mama watoto, rudi! Hawajasema! Mwite mtoto, rudini ndani!"

Mkewe alimdaka mtoto kwa shati, akasimama kidogo akitazama jukwaani, kisha akageuka.

"Fundi," mchungaji alisema kwa upole, "huo ni uchochezi."

Askari wawili wakamkamata kwa kuvuruga amani. Alilitazama tu lile godoro mpaka likaingia getini.