Siku Tuliyomtoa Shangazi

Mimi nikifurahi siwezi kunong'ona. Mama yangu mzazi alijaribu kunifundisha akashindwa, walimu walijaribu wakashindwa, na mume wangu hata hajajaribu, maana yeye mwenyewe akicheka, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Nasema haya mapema ili nisije nikalaumiwa peke yangu kwa yaliyotokea.

Mume wangu ni kinyozi, na kichwani hana hata unywele mmoja. Mtaa mzima unamwita Kipara, na wateja hawachoki kumuuliza nani alimnyoa vibaya hivyo. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na mapazia. Tulipooana, miaka mitatu iliyopita, Kipara alitaka nyumba ijae siku ileile. Akaenda duka la samani akachukua makochi, friji, kabati la milango minne na kitanda ambacho ilibidi mlango ung'olewe ndipo kiingie. Vyote kwa mkopo, na vyote kwa ajili ya macho ya mtu mmoja: dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Alitaka mama huyo akae kwenye kochi aseme, "Mwanangu amekuwa mtu." Alikaa kweli, akasema vilevile, akarudi kwake roho imetulia. Sisi tukabaki na karatasi ya deni.

Nilipoisoma ile karatasi nilikula kiapo palepale, makochi yakiwa bado na nailoni.

"Kipara," nikasema, "mtoto haji humu ndani mpaka hili deni liishe."

"Hata mmoja mdogo?"

"Hata mmoja mdogo."

Sikuwa natania. Mimi nilizijua hodi za wadai kabla sijazijua herufi. Mwenye nyumba alibisha kwa pete, muuza mkaa alibisha kwa kiganja, mwenye duka hakubisha, alikohoa tu. Nikisikia, mbio chini ya meza, mdogo wangu mapajani, kiganja changu mdomoni mwake asije akacheka. Nilimziba hivyo mpaka ikafika siku akazoea kunyamaza mwenyewe, na siku hiyo sijaisahau. Mtoto wangu akisikia hodi atakimbilia mlangoni kuona nani amekuja. Nilimweleza Kipara hayo yote, akanitazama, akasema sawa, na tangu siku hiyo hata soda akaacha.

Sasa, neno lenyewe lilizaliwa kwenye kibanda chake cha kunyolea. Mwenye duka la samani alimpigia simu wembe ukiwa shingoni mwa mteja. Kipara, kwa aibu, akajibu, "Eeh, Shangazi! Shikamoo, Shangazi. Mwisho wa mwezi nakuja, usiwe na wasiwasi." Mwenye duka ana sauti nzito ya kutikisa vikombe, na simu ya Kipara inasikika mpaka barabarani. Mteja akamwangalia kwenye kioo, mapovu mashavuni, akasema, "Pole kwa shangazi yako. Hicho kifua akaonwe hospitali."

Tulicheka wiki nzima, na deni likapata jina. "Shangazi ameshakula?" maana yake mwezi huu tumelipa? "Shangazi amenenepa," tumechelewa, wametuongezea riba. "Shangazi anakonda," hapo ujue siku hiyo kuna kucheza ndani ya nyumba.

Mtaniuliza, na shangazi wa kweli je? Huyo hatukuwahi kumwita shangazi. Kipara anamwita Mama, nami nilimkuta ni Mama, nikamwita Mama. Neno shangazi nyumbani kwetu lilikuwa halina mwenyewe, tukaliokota kama kipande cha kitambaa kilichobaki mezani. Haikutupitia akilini kwamba yeye mwenyewe hajasahau kwamba ni shangazi.

Na habari za deni alikuwa hazijui. "Ukimwambia atauza shamba," Kipara alinisihi. Basi kila Jumapili alipopiga simu akamaliza salamu, alikuwa anauliza, "Na habari nyingine? Hakuna?" Namjibu, "Hakuna, Mama." Miaka mitatu ya hakuna. Nilijua ukoo unasema naogopa kuharibu umbo langu, umbo lenyewe hili ambalo tayari lilikuwa limejiharibu bila msaada. Nikameza.

Wiki ya malipo ya mwisho, Alhamisi mchana, hodi. Ni Mama, bila taarifa, mfuko mkubwa begani, magoti yanamsumbua kama kawaida.

"Nimekuja kuwaona," akasema. "Simu haina macho."

Nilimkumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka. Tukamtandikia godoro sebuleni, na kwa siku moja nyumba ikawa tamu ajabu. Alifagia nilipokuwa nashona, alinikosoa chumvi, alimwita Kipara "mtoto" mbele ya mteja aliyemfuata mpaka nyumbani.

Ijumaa jioni Kipara alirudi kazini meno yote nje. Akanivuta chumbani. Sasa, kati ya chumba chetu na sebule pana ukuta wa mbao ambao haufiki darini, na mimi najua haufiki, maana kila siku naupangusa vumbi. Lakini akili ilikuwa wapi?

"Zimetimia," akasema, akanionyesha bahasha.

"Usinidanganye."

"Zimetimia, mke wangu! Kesho saa tatu Shangazi anatoka!"

Nikapanda kitandani. Mimi, mtu mzima, fundi wa watu, nikaruka mpaka chaga zikalia.

"Atoke!" nikasema. "Miaka mitatu amekalia makochi yangu, anakula sisi tunamtazama! Akitoka tu, nafagia nyumba nzima. Nafungua madirisha yote, hata harufu yake isibaki!"

"Na asirudi tena!"

"Arudi? Nitammwagia maji!"

Tulicheka mpaka Kipara akakaa chini sakafuni. Tulipotoka, Mama alikuwa amekaa pembeni kabisa ya kochi, kwenye ukingo, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Jumamosi tulitoka asubuhi. Mwenye duka alihesabu, akalamba kidole, akahesabu tena, akatoa muhuri. Kipara akaomba augonge mwenyewe. Akaugonga mara tatu. Mimi nikaomba zamu yangu, na kwa kuwa karatasi ilikuwa imejaa, nikamgonga Kipara utosini. IMELIPWA, kwa wino wa zambarau, imenyooka vizuri kabisa. Mwenye duka, kwa ile sauti yake ya kutikisa vikombe, alicheka mpaka akaegemea kabati. Tukarudi nyumbani tumeshikana mikono, watu wanamsoma mume wangu njia nzima.

Tukafika. Godoro limekunjwa, shuka juu yake pembe kwa pembe. Mfuko haupo. Sakafu imefagiwa mpaka chini ya makochi. Na madirisha yote, hata lile la jikoni ambalo limekwama tangu tuhamie, yalikuwa wazi.

Nilisimama nikitazama lile dirisha la jikoni. Maneno yangu ya jana yakanirudia moja moja kwa sauti yangu mwenyewe.

"Kipara," nikasema. "Mama ni nani yako?"

"Ni Mama."

"Kwa ukoo, Kipara!"

Akafungua mdomo. Wino ukabaki palepale utosini, lakini rangi ya uso wote ilimtoka.

Mguu niponye! Tulikimbia kwenda stendi, mimi na kiatu kimoja, yeye na risiti mkononi. Tulipita kwa fundi viatu, tukapita kwa muuza mbao, hatukuangalia kulia wala kushoto. Stendi tukaingia basi la kwanza, la pili, la tatu, tukiinama chini ya viti kana kwamba mama wa watu ni mzigo. Hayupo. Mkata tiketi akamsoma Kipara kichwa, akatuuliza kama tumelipa nauli au ni kichwa tu ndicho kilicholipiwa. Sikucheka. Niliona tu jinsi Jumapili zitakavyokuwa bila ile simu, na mtoto wangu, siku akija, akiuliza bibi yuko wapi. Nikaanza kulia katikati ya stendi.

"Mnamtafuta nani?"

Alikuwa nyuma yetu, mfuko begani, anahema. Tulikuwa tumempita. Magoti yalikuwa yamemketisha kwenye benchi la fundi viatu.

"Niliwaona mkipita mbio," akasema. "Nikajua mnakuja kuhakikisha nimeondoka. Nimeondoka, wanangu. Miaka yote mdomoni mnaniita Mama. Kumbe mkiwa wawili, mimi ni shangazi."

Kipara alijaribu kusema, maneno yakagongana. "Si wewe, Mama, Shangazi ni makochi! Ni friji! Shangazi ni mwanamume, ana duka!" Watu wakaanza kusogea. Mwisho akapiga magoti kwenye vumbi akainamisha kichwa kuomba msamaha, na Mama akajikuta anautazama utosi.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Imelipwa," mkata tiketi akamsaidia.

Hapo mimi nikasema yote. Makochi, karatasi, aibu ya mwanawe, soda, kiapo changu, meza na mdomo wa mdogo wangu, na lile neno tulilookota. Nilisema kwa sauti yangu hii hii, stendi nzima ikasikia, na sikujali. Kipara akanyoosha risiti juu bila kuinua kichwa.

Mama akatafuta miwani mfukoni. Ili aipate ilibidi atoe kwanza kitu cha sufu, akanipa nimshikie. Nikashika, kikaendelea kutoka. Cheupe, kisha cha njano, kisha cha kijani, kisha rangi mbili ambazo hazipatani hata kwa bunduki. Kikanifika kwenye nyayo.

"Ni nini hiki, Mama?"

"Blanketi la mtoto," akasema, bado anasoma risiti. "Nilianza wiki ya harusi yenu. Kila Jumapili mkisema hakuna, naongeza mistari miwili."

Blanketi lile lilitosha kufunika ukoo wetu mzima pamoja na waliosema naogopa kuharibu umbo. Nililikumbatia lote nikazika uso humo.

Mama akakunja risiti. "Kwa hiyo mmekopa jina langu miaka mitatu," akasema, "bila hata kuniomba."

"Tusamehe, Mama," Kipara akasema, uso bado mavumbini.

"Na mlikuwa mkinilisha kila mwezi, nami nashinda na njaa huko!" Mdomo ukamtetemeka, nikadhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia. Kilipotoka, nikajua Kipara alikirithi wapi. Mkata tiketi mwenyewe alijifuta machozi.

Tulirudi naye polepole, tukipumzika kila benchi. Nyumbani akakaa kwenye kochi, katikati kabisa safari hii, akalipigapiga. "Kochi zuri," akasema. "Mwanangu amekuwa mtu. Mtu mjinga, lakini mtu." Akanywa maji. Hakukaa hata dakika kumi, akainuka, akachukua kikapu changu msumarini.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Sokoni."

"Lakini kila kitu kipo! Na magoti?"

"Nimesema nakwenda sokoni. Natembea taratibu, mnanijua. Nikifika kwa fundi viatu nitapumzika. Nikitoka sokoni nitapumzika tena." Alinitazama, akamtazama mwanawe na zambarau yake kichwani, kisha akalitandika lile blanketi juu ya mkono wa kochi. "Msinitarajie kabla ya saa kumi."

Akatoka, akavuta mlango. Sisi tukabaki tumesimama kama watoto walioachiwa nyumba. Mara kichwa chake kikatokea dirishani.

"Na haya madirisha," akasema, "yafungeni."