Baragumu la Sebarenzi

“Majivu, shemeji! Majivu ya jikoni!” Floribert alifoka, akimwonyesha Mukandayisenga zile vali tatu, vizibo vinavyozunguka ndani ya baragumu kubadili sauti, zimelika kama sabuni. “Kaka Sebarenzi alizisugua kila Pasaka kama sufuria. Sasa pumzi inavuja, haiko na sauti.”

“Usimuseme vibaya, mwili wake iko bado mu nyumba. Tengeneza!”

Pale Karuba, mpigaji wa fanfare, bendi ya matarumbeta ya misheni, huzikwa kwa sauti ya chombo chake mwenyewe, si cha kuazima. Wabebaji wa jeneza walikuwa tayari mlangoni, wamelowa mvua.

“Mafuta mazito nimetia, bure. Bukavu kuna fundi wa kuziponya, lakini mpaka mwezi ujao. Leo naweza kuzilehemu tu kwa bati, pumzi isivuje. Litalia, lakini sauti chache tu, maana hazitazunguka tena. Zile nyimbo zake hutazisikia mu hii baragumu hata siku moja.”

Mukandayisenga alikuwa amezisikia nyimbo hizo kila jioni tangu aolewe.

“Kwa hiyo azikwe kimya, kama mwizi?”

Mjane akakichomoa chuma chekundu kutoka kwenye makaa, akaligusisha bati kwenye vali ya kwanza, akalehemu mwenyewe.