Gauni la Arobaini na Moja

Wanawake wote arobaini walikuwa wamedanganya vipimo vyao, na fundi alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Bibi mwenye wajukuu sita hawezi kuwa na kiuno cha inchi ishirini na nane, hata akiapa. Basi kila gauni aliliachia kitambaa cha ziada ndani ya mishono. Alishona wiki tatu mfululizo, mpaka magoti yakawa yanalia kila akiinuka kwenye cherehani.

Sasa, siku ya wao kukutana tena shuleni na kupiga picha ya pamoja, alikaa ndani ya darasa lao la zamani, nyuma kabisa, pini mdomoni, wembe mkononi, akifumua. Walimjia mmoja mmoja, migongo wazi, wamebana pumzi.

"Fundi, hili gauni limeingia maji nini?" aliuliza mmoja, daktari wa meno.

"Halijaingia maji, mwenzangu. Geuka."

Wakacheka. Yeye hakuwa na nguvu za kucheka. Miaka thelathini na minne tangu wenzake wamalize shule, na bado walimletea nguo zao kama enzi zile bwenini, walipomwita Sindano na kumrundikia sketi zilizochanika kila Jumapili.

Yeye hakumaliza. Muhula wa mwisho mama yake alianguka, akapooza upande mmoja. Aliitwa nyumbani kwa siku tatu, na siku tatu zikawa miaka tisa. Mtihani ulimpita akiwa jikoni, akikoroga supu ya mgonjwa.

Kwenye kundi lao la simu, kiranja mkuu wao wa zamani, waliyembandika jina Kengele kwa ajili ya sauti yake, aliandika: "Tuliohitimu ni arobaini. Mshonaji tunaye, yule aliyesoma nasi kidogo." Kidogo! Neno lile lilimchoma. Miaka minne kasoro muhula mmoja, leo ni kidogo. Masalio ya kitambaa aliyaunga vipande kwa vipande, akajishonea gauni la arobaini na moja kwa kipimo chake cha kweli. Lilikuwa mkobani, chini ya kiti. Tangu asubuhi alijiambia atalivaa asimame nao kwenye picha, na tangu asubuhi moyo ulimwambia aache, atajiaibisha bure.

Mpiga picha alishapanga viti uwanjani Kengele alipoingia. Siku hizi ni hakimu. Gauni lilikuwa limemkwama mbavuni.

"Sindano, niokoe. Mimi ndiye wa kukaa katikati."

Fundi alifumua pande zote mbili mpaka kitambaa cha akiba kikaisha. Zipu haikusogea.

"Ulinitumia kipimo cha lini?"

"Cha harusi yangu," Kengele alisema, akainamisha kichwa. Hapo ndipo alipouona mkoba, na bluu ile ile ya magauni yao ikichungulia. "Si hilo hapo! Tena pana. La nani?"

Fundi alitema pini kiganjani. Jibu la maisha yake yote lilishamfika mdomoni: chukua, mimi nitasubiri. Alimwambia hivyo mama yake, akawaambia hivyo wadogo zake aliowasomesha, na mumewe pia. Alikuwa amechoka. Alichoka hata kuisikia sauti yake ikilisema.

"Langu."

Kengele alimtazama, kisha akautazama mkoba, na uso wa kihakimu ukamshuka. Nje walikuwa wakimwita.

"Niliandika 'kidogo'," alisema hatimaye.

"Uliandika."

"Basi nifunge kwa pini huku nyuma. Nitakuwa nimekaa, hawataona."

Fundi akampiga pini saba. Kengele hakuondoka. Aliuvuta mkoba, akalikung'uta lile gauni, akalishika wazi kwa mikono miwili kama anayemvisha mtoto.

"Haya, inua mikono."

Fundi aliinua mikono, ikamuuma hadi mabegani. Kisha akageuka, akampa mwenzake mgongo. Zipu ilipanda moja kwa moja mpaka shingoni.

"Limekukaa," Kengele alisema, na sauti yake kubwa ikawa ndogo.

Mlangoni fundi alisita. Viti uwanjani vilikuwa arobaini kamili, vyote vina watu isipokuwa kile cha katikati, na magoti yake hayakuwa na hamu ya kusimama.

"Kiti hakuna," alisema.

Kengele akaugeukia uwanja, akajaza kifua hewa aagize kingine, kama alfajiri zile alipowaamsha bweni zima, na fundi akasikia pini ya kwanza ikifyatuka.