Malkia Alivyotuunganisha na Nyumba ya Mahenge

Niliota usiku wa jana kwamba mzinga wangu wa nyuki umeingia sebuleni bila kupiga hodi, ukaketi kwenye kochi, ukaomba chai.

Ulikuwa mzinga wangu wa mwisho wenye nyuki. Huku kwetu Makete kipupwe hakina huruma. Umande unaganda juu ya majani, na kila mwaka napoteza makundi. Nakwenda asubuhi, nagonga mzinga, hakuna anayeitika. Mwaka huu lilikuwa limebaki kundi moja tu, nalo limesinyaa. Ukifunua unaliona limejikunja kama ngumi ya mtoto.

Mke wangu Edina akaumiminia mzinga chai.

"Nikuwekee sukari?"

"Weka yote," mzinga ukasema. Kisha ukanigeukia. "Bwana Tweve, miaka yote wewe ndiye unayetukagua. Leo tumekuja kukukagua wewe. Kundi lako ni dhaifu."

"Kundi gani?"

"Hili hapa. Wewe, mkeo na huyo paka. Hamvuki kipupwe."

Nikamtazama paka. Hakupinga.

Hapo mfuniko ukainuka, akatoka malkia. Alikuwa na kimo cha mwalimu mkuu, amejifunga kitenge, na miguu yote sita imevaa soksi za sufu.

"Wakati wa baridi mlango wa mzinga hupunguzwa," akasema. Mlango wetu wa mbele ukapungua mpaka ukawa kama kiberiti.

Edina akauliza, "Na chooni tutakwendaje?"

"Nyuki hachafui mzinga. Anajizuia mpaka siku ya jua."

Mimi nilikuwa nimekunywa chai nyingi. Nikabana mapaja.

"Na madume hutolewa nje," malkia akaendelea. "Dume ni yule anayekula tu. Hachoti maji, hajengi, halindi."

"Mimi nilipaka rangi hii dari," nikasema.

"Lini?"

Edina akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Kabla hatujavutiwa umeme."

Nyuki wawili wakanishika kwapani wakanipitisha kwenye mlango. Nilipita vizuri tu. Kilichokwama ni koti, likabaki ndani.

Nje hapakuwa uani kwangu. Ni uwanda mtupu, mweupe kwa barafu, na katikati yake Mahenge ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa fulana.

Mahenge ni jirani yangu, tunapakana ua. Tulikuwa hatusalimiani tangu nyuki wangu walipomuuma ng'ombe wake, au nyuki wake walipomuuma wangu. Hilo ndilo tulilokuwa tukibishania. Naye pia amebakiwa na mzinga mmoja.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Na mimi. Niliwaambia nilijenga banda la kuku. Wakaenda kulikagua."

Baridi inazidi. Meno yanagongana. Mahenge anasema tufanye kama nyuki, tukumbatiane, wa nje aingie katikati apate joto, wa katikati atoke nje. Tunakumbatiana. Tunazunguka. Lakini tuko wawili tu, kwa hiyo kila mtu ni wa nje. Ndevu zake zinanikwaruza shingo. Nasikia moyo wake unadunda mbio, najua anaogopa, na mimi naogopa vilevile.

Malkia anatua mbele yetu, gazeti limekunjwa kwapani.

"Makundi mawili dhaifu yakiunganishwa, yanavuka," anasema. "Ila yakikutana ghafla yanauana. Kwa hiyo katikati huwekwa gazeti."

Kufumba na kufumbua niko sebuleni. Dari haipo. Nyumba ya Mahenge imepachikwa juu ya yetu kama ghorofa, na baina yetu limetandazwa gazeti.

"Tafuneni," malkia akaamuru. "Mkilimaliza mtakuwa mmeshazoeana harufu."

Tukapanda juu ya meza tukaanza. Edina alichukua mapishi. Mimi nikashika michezo. Paka alijaribu siasa akaacha. Unatafuna, unatafuna, halipungui mdomoni. Kwa juu tuliwasikia Mahenge na mkewe, Mama Subira, nao wakitafuna.

Tundu likatokea. Ndani yake kulikuwa na jicho la Mahenge.

"Tweve."

"Naam."

"Nakubali, aliyeumwa ni ng'ombe wako."

Nikameza. "Hapana bwana, ni wako."

"Wako, nakwambia!"

"Wameanza kunukia sawa," malkia akamnong'oneza mzinga.

Lakini uso wake ukabadilika. "Sasa ndio pagumu. Kundi haliwi na malkia wawili. Wanapigana mpaka abaki mmoja."

Mama Subira akateremka kupitia tundu, mwiko mkononi. Edina akakunja mikono ya sweta. Nilitaka kusema neno, lakini mdomo ulikuwa umejaa ukurasa wa michezo. Wakasimama uso kwa uso. Nilimwona Edina akivuta pumzi.

"Shoga," akasema, "mbona umekonda hivyo?"

"Baridi, mwenzangu. Na upweke. Hiyo sweta umefuma mwenyewe?"

"Shika hapa uone uzi wake."

Malkia akakohoa. "Kanuni inasema mpigane."

"Mama," Edina akamwambia, "kaa, chai inapoa."

Malkia akakaa.

Mahenge akanipa mkono kupitia tundu. Nilipoushika gazeti likachanika lote, akaniangukia yeye, mkeka wake na kuku wake wote.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, Edina anawasha moto jikoni. Kitu kilikuwa kimenikwama katika meno ya nyuma. Nikakichokoa kwa kucha: kipande cha karatasi, chembamba, kina maandishi. Sisi hatununui magazeti.

Nikasikia mtu anakohoa langoni. Nikatoka. Alikuwa Mahenge, amebeba mzinga wake kichwani, mlango umezibwa kwa nyasi, mdomoni ana kijiti cha kuchokolea meno.

"Habari za asubuhi, jirani," akasema.

"Nzuri. Za kwako?"

Akachokoa kidogo, akatema pembeni kwa adabu.

"Ile mechi mimi nimeishia kipindi cha kwanza," akasema. "Matokeo yalikuwaje?"

Nikakiinua kile kipande kwenye mwanga, nikasoma.

"Sare," nikamwambia, nikamfungulia lango.